Kakakuona Hakujificha Mbele Yangu

Mtaani kwetu Gongoni walisema mwanamke mwenye kamera hana haya. Walisema hivyo huku wake zao wamejaa uani kwangu, maana wakati ule mwanamke wa mjini aliyejiheshimu hakuvua buibui na kuonyesha dhahabu zake mbele ya mpiga picha mwanamume. Marehemu mume wangu alikuwa na duka la picha karibu na soko. Alipoona maharusi wanaishia kusimuliwa tu bila picha, akanifundisha kazi. Kamera yangu ilikuwa mahari. Siku ya nikaha watu walicheka, mimi sikucheka. Niliitaka kuliko bangili.

Chumbani nilipiga maharusi. Nje nilipiga nilichokipenda mwenyewe: kumbikumbi wakitoka ardhini mvua ya kwanza, mbawa zikimeta, kundi la nyuki lililotua ukutani likaning'inia kama ndevu. Mume wangu alizitundika dirishani mwa duka, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Hizo za mke wangu." Hakuona aibu. Mungu amrehemu.

Alipofariki na eda yangu ikaisha, duka likashikwa na kaka yake mkubwa. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa watu watasema nini, na watu wa namna hiyo wananichosha kuliko wabaya wenyewe. Akaniwekea sharti: nipige wanawake, tena ndani, basi.

"Kamera ni yako, shemeji," akasema, "lakini picha ni za duka."

Nikaendelea na kazi, kwa sababu chumba cha giza cha kusafishia picha kilikuwa dukani kwake. Lakini sikukubali.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Mkulima mmoja upande wa Ipuli akamkuta kakakuona shambani. Unyamwezini mnyama huyo hauawi wala hafukuzwi. Hupelekwa kwa mwanangwa, mkubwa wa kijiji, akawekewa bakuli la maji, ungo wa mtama na mkuki, kisha watu wakangoja waone ataelekea wapi. Akienda kwenye maji, mvua ipo. Akienda kwenye mkuki, jiandaeni. Sisi Waislamu wa mjini tulisema hayo ni mambo ya kishamba, kisha tukawahi kufika ili tupate pa kusimama.

Shemeji alikuja na kamera ya duka na stendi yake ya miguu mitatu. Wanaume wakamzunguka mnyama, kila mmoja akimwambia mwenzake asogee. Kakakuona akajikunja, akawa duara la magamba, asionekane uso wala mkia. Mmoja akashauri amwagiwe maji ili afunguke. Mwanangwa akamwambia aende kwanza akammwagie mama mkwe wake. Jua lilipokuwa kali wakachoka, wakahamia kivulini kubishana, na shemeji akafunga vitu vyake akarudi mjini.

Wanawake tukabaki, tumekaa chini kimya. Wenyeji walikuwa na mbegu ndani na udongo mkavu nje. Hawakuja kutazama ngoma. Kamera yangu ilikuwa ndani ya buibui. Jirani yangu, mama mmoja mwenye rozari shingoni, aliiona ikichomoza.

"Mama, hicho kitu chako kina kelele?"

"Kidogo tu."

"Basi mwache afike kwanza," akaninong'oneza, akatandaza khanga yake kunikinga na jua.

Ikatoka pua, kisha jicho dogo jeusi. Akajifungua taratibu, akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mzee anayeingia msibani, akaanza kutembea. Kila gamba lilishika mwanga. Akapita mtama, akapita mkuki, akainama, ulimi ukatoka mrefu na mwembamba. Ulipogusa maji nikabonyeza. Vigelegele vikalipuka, akajikunja tena, lakini nilikuwa nimekwishampata. Na mvua ilikuja, tena ya kubomoa kuta.

Shemeji akaitundika bila kunitaja, na picha ile ikajaza watu dirishani mwa duka. Siku moja akaja Bwana Nyama, Mwingereza wa serikali aliyesimamia wanyama wa porini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisafisha picha.

"Umepiga wewe?" akamwuliza shemeji.

"Ndiyo, bwana."

"Nataka mtu wa kwenda nami Malagarasi, kupiga picha korongo, ndege wa kwenye vinamasi."

Nikatoka na mikono yangu inanuka dawa. "Nimepiga mimi," nikasema.

Bwana Nyama akanitazama, akamtazama shemeji. Shemeji akacheka kidogo. "Msamehe, bwana. Amefiwa."

Uwongo ningeuvumilia. Lakini kumtumia marehemu, aliyenitaja kila siku bila kuombwa, ili anifute mimi! Nikaivuta picha dirishani mbele yao, nikachukua kamera yangu, nikatokea mlango wa mbele, ule nilioambiwa ni wa wateja wanaume. Hakuna aliyenigusa.

Wakaenda Malagarasi. Nasikia korongo waliruka shemeji alipoanza kufungua stendi. Alirudi na picha safi kabisa za matete.

Mimi nikageuza stoo ya nyumbani kuwa chumba cha giza, na chumba cha barabarani nikakifanya duka. Kakakuona nikamtundika nje, wanapopita wanaume wanaotoka msikitini, na chini yake nikaandika kwamba nimempiga mimi. Wakanisema, nikaongeza nyuki na kumbikumbi. Harusi zilipoanza, shemeji alingoja maharusi dukani kwake. Mama zao waliwaleta kwangu. Baada yao wakaja mafundi cherehani, kisha wafanyakazi wa reli na kofia zao, wanaume wazima, wakakaa mbele yangu wakiangalia nilipowaambia.

Asubuhi moja shemeji akasimama mlangoni, hata hodi hakupiga.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Shikamoo, shemeji," nikamjibu. "Kaa kwenye kiti hicho, nyoosha shingo. Hapa watu huja kupigwa picha."

Akageuka kuangalia barabarani kama kuna wanaomwona. Walikuwapo wengi. Akakaa.