Harufu ya Petroli Mikononi Mwangu

Kila jioni, kabla ya kupokea funguo, mwenye gari alininusa mikono. Nilisimama mlangoni pa duka lake pale Misiera, kijiji cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, viganja juu kama mtoto anayekaguliwa kucha, na yeye, mama Mrundi, mjane wa makamo aliyekuwa na duka la maharage na gari moja la abiria, aliinama akavuta pumzi. Wateja waliona. Mimi, baba wa watoto, niliyetoka Kivu na leseni yangu mfukoni, nilinuswa kama samaki sokoni.

“Unanuka esansi,” alisema, yaani petroli.

“Mama, miye siuzishake esansi. Ni gari njo inanuka.”

Na gari lilinuka kweli. Lilianza baada ya ile wiki niliyolala na malaria, likiwa limeegeshwa uani kwake. Tangu hapo, tenki likijaa na jua likiwaka, harufu ilipanda viti vya nyuma mpaka abiria wakafungua vioo, na taa ya injini ikawaka ikakataa kuzimika. Lakini huku kwetu petroli inauzwa kwenye chupa kando ya barabara, na dereva anayenuka petroli hana wa kumtetea. Mama alikwisha kuniambia kwamba Jumapili hiyo, baada ya misa, funguo zingekwenda kwa mpwa wake kama bado nanuka.

Mpwa huyo ndiye aliyeninyima usingizi. Nilimwona akilizunguka gari, akipiga matairi teke, akikalia kiti changu kujipima. Nikaamini ni yeye anayenyonya petroli ili nifukuzwe, na kwamba mama anajua. Bila gari lile ningebaki na shamba la mahindi lililokauka, basi. Nilimchukia yule kijana kwa moyo wangu wote.

Asubuhi ya Jumamosi nilimwomba mama twende kwa fundi mjini Mbarara. Alikubali upesi mno, na hilo nalo nikalitilia shaka. Labda walikwisha kupanga na fundi cha kusema. Njia nzima alikaa kando yangu, mkoba mapajani, pua imeelekezwa kwangu.

Fundi alikuwa mtu mnene, mtoto wa askari, aliyelelewa kwenye kambi ya jeshi na kujifunzia Kiswahili chake huko. Mama alivuta kigoda akakiweka karibu na gari, kwa sababu alisikia mafundi wa mjini hubadilisha vipuri vya watu. Ndiyo tabia yake. Madumu ya maji, bidoni kama mama anavyoyaita, hapa kwetu yanafanana, kwa hiyo kila familia huchoma alama yake kwa msumari wa moto, asije mtu akabeba la mwenzake. Mama hakuishia kwenye madumu. Alitia alama sufuria, majembe, viti vya kuazimisha msibani, betri ya gari na vioo vyake: msalaba ndani ya duara.

Fundi alichomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma, akamgeukia mama.

“Nyabo, kama driver naiba petroli, hii taa hapana waka. Hii nasema hewa ya petroli iko natoroka pahali. Sisi natafuta.”

Alitueleza kwamba mvuke wa tenki hauachwi utoke nje. Hupita kwenye mpira mpaka kwenye kopo jeusi la plastiki lililojaa makaa, ukakaa humo hadi injini iunyonye. Alianza na kifuniko cha tenki, akakuta mpira wake mzima. Mama aliniangalia. Kisha fundi akaleta debe dogo alilolitengeneza mwenyewe, ndani yake mafuta ya kupaka watoto yanayochemshwa kwa umeme wa betri, na kwa pampu ndogo akasukuma moshi taratibu kwenye mipira ile, ili utokee penye tundu. Tulingoja. Nilitazama mikono yake wakati wote, nikihofia atatoboa kitu ili auze kipya.

Akaingia chini na tochi. Punde akatuita. Mama alipiga magoti juu ya boksi, nami nikalala kando yake.

Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye kopo la makaa, pale mistari miwili ilipokutana. Ilikuwa alama ya msalaba ndani ya duara, imechomwa kwenye plastiki.

“Nani nachoma hii?” fundi aliuliza. “Moto na petroli? Huyu mutu nataka kufa?”

Mama hakuinuka.

“Ni miye,” alisema. “Ulikuwa mugonjwa. Niliambiwa mafundi wanaiba vitu vya chini. Niliona ni plastiki, kama bidoni.”

Nilitaka kucheka, nilitaka pia kumpigia kelele. Nilimsaidia fundi kushusha kopo na mpira wake, tukafunga jingine lililotoka kwenye gari bovu la aina ileile. Mama aliligeuzageuza kwanza, akitafuta kama lina alama ya mtu. Moshi ulipopitishwa tena haukuonekana popote, na taa ikazimwa. Fundi akachukua bisibisi akauliza akwaruze alama gani. Mama alikwisha kurudi ndani ya gari.

Tulirudi Nakivale. Mpwa alikuwa amekaa mbele ya duka, amevaa shati safi. Hakuwa ameiba tone, nalijua hilo, na mpaka leo simwamini.

Nilisimama mlangoni nikanyoosha mikono kwa mazoea, funguo zikiwa juu ya kiganja. Zamu hii ilinuka kuliko siku zote, maana nilikuwa nimeshika lile kopo na mipira yake. Mama aliikaribia, akavikunja vidole vyangu juu ya funguo bila kuinama.

“Kaa nazo,” alisema. “Kesho utatupeleka misa.”