Nyasi Zisizo na Mwenyewe

Juzi, nikiwa katika ofisi ya kata wilayani Biharamulo, nilimwona bwana mipango akitandaza ramani ya kompyuta iliyotokana na picha za setilaiti. Akazungushia eneo moja kalamu nyekundu: kambi ya wakimbizi ipanuliwe hapa.

"Pori tupu. Setilaiti haikuona hata ng'ombe mmoja."

Mama mmoja wa Kisukuma, mfugaji, akafunika duara lile kwa kiganja.

"Hiyo ni ngitiri yetu, mwanangu. Tumezuia ng'ombe tangu masika ili wapate malisho kiangazi."

"Mashine haidanganyi, mama."

"Basi iulize kwa nini nyasi zimefika kiunoni."

Bwana mipango akausogeza mkono wa mama pembeni, akaandika: HALINA MWENYEWE.

Nusura niichane ile ramani! Wafugaji wangelisha humo mpaka pabaki vumbi, setilaiti ingewatambua kuwa ndio wenyewe.