Pale Kaseti Ilipokatikia

Ukimwona kwenye chumba cha nyuma cha duka la dobi, kitambaa kichwani, jasho likimtiririka shingoni na pasi ya mvuke mkononi, huwezi kudhani kwamba mwanamke huyu ni mpenzi wa muziki wa roki. Tena si mpenzi wa juu juu. Kwenye mashati ana utaratibu wake, kwanza kola, kisha mikono, mgongo baadaye, na hakuna wa kumwambia vingine. Kwenye magitaa ndiyo kabisa, hababaishwi na mtu.

Upenzi huo wa roki aliurithi kwa baba yake, dereva wa malori, aliyerudi safarini siku moja na kaseti aliyorekodiwa na dereva mwenzake. Ilikuwa albamu ile yenye picha ya farasi asiye na mpandaji, ambayo wapenzi wake huiita Farasi tu. Albamu ndefu, kaseti fupi. Kwa hiyo wimbo wa mwisho ulikatika katikati, mwimbaji akiwa amepandisha sauti juu kabisa. Kap! Kimya. Yeye na kaka yake hawakujua kama wimbo ule una mbele. Kwao ule ndio ulikuwa mwisho wake, na kila ulipokatika walipiga kofi moja kwa pamoja, baba akasema, "Haya, onyesho limekwisha, kalaleni."

Baba alifariki. Mama akapigwa na kiharusi, akalala upande mmoja. Kaka akaaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, akitulia atawaita. Simu yake ikapatikana kwa muda, kisha ikaacha kupatikana. Tangu hapo mpiga pasi ndiye anayemgeuza mama, ndiye anayemwogesha na kumlisha kwa kijiko, halafu anakwenda kazini. Maneno yalimwishia mama, likabaki swali moja tu, analitoa kwa shida upande wa mdomo uliosalia: "Kakako amekula?" Kila siku ya Mungu. Na safari ya mwisho hospitali daktari alisema moyo umechoka, kama kuna mtoto mwingine aitwe mapema.

Aitwe wapi? Mpiga pasi alimwachia Mungu, akaendelea kuomba.

Faraja yake ilikuwa simuni. Kulikuwa na kundi la wapenzi wa roki, watu wasiojuana sura, kila mmoja na jina la kujibandika. Yeye alijiita Pasi Moto. Hasimu wake mkubwa alijiita Ngurumo. Ngurumo hakutaka kusikia kingine zaidi ya Farasi. Pasi Moto alisimama na albamu iliyofuata, iitwayo Taa, kwa sababu Farasi ilimkumbusha nyumba iliyojaa watu.

"Taa ni ya kubembelezea watoto," Ngurumo aliandika.

"Toa pamba masikioni kwanza, babu, ndipo uje kuzungumza na watu," alijibu Pasi Moto.

Mwenzake wa kazi, mama anayekunja nguo, alikuwa akimcheka. "Leo tena unagombana na mumeo wa mtandaoni?"

"Mume gani, shoga? Huyu hata soksi yake sinyooshi!"

Basi siku moja, mchana, wakati wa kupumzika, akafungua kundi na kukuta Ngurumo ameshusha maelezo marefu kuhusu Farasi. Magitaa, ngoma, sauti, vyote kavisifu. Mwisho akaandika: "Na ule wimbo wa kufungia hauna mfano duniani. Sauti inapanda, inapanda, halafu kap! Kimya. Hapo unapiga kofi moja, unakwenda kulala."

Kundi likaangua kicheko.

"Kap ya wapi? Wimbo unaendelea na kinanda mpaka unafifia taratibu!"

"Ngurumo, uliusikiliza kwenye redio iliyoishiwa betri?"

Mpiga pasi alikaa juu ya bunda la mashuka machafu, jambo asilolifanya kamwe. Dunia nzima inajua kinanda kile. Kap ile ilikuwa ya nyumba moja tu.

Kwanza alimshukuru Mungu kwa sauti, hata mkunjaji akageuka. Halafu akafanya kosa la kurudi nyuma kusoma maneno ya Ngurumo ya zamani. Akayakuta ya siku ile mama alipolazwa. Kaka yake alikuwa ameandika kutwa nzima kuhusu mpiga ngoma, na aliyekuwa akimjibu ni yeye mwenyewe, akiwa kwenye benchi la hospitali. Ana muda wa ngoma, alijiambia. Ana vidole, ana simu, ana muda. Uchungu akauweka kando, maana aliyekuwa akimtaka kijana wake ni mama.

Akamwandikia pembeni, nje ya kundi: "Kaka, ni mimi mdogo wako. Nimekujua kwa lile kofi. Sikulaumu. Mama anakuulizia, na daktari kasema tusichelewe. Kama huwezi kuja, nipigie tu nimwekee simu sikioni asikie sauti yako."

Alama ikaonyesha ujumbe umesomwa. Akapiga pasi mashati ya mchana wote akiwa ameiweka simu mbele yake, kioo juu. Jibu likaja wakati wa kufunga duka.

"Samahani dada, umenifananisha. Wazazi wangu wote walishafariki."

Alisoma, akasoma tena. Dada. Kama anavyoitwa na wateja wanaokuja kuulizia suruali zao.

Akarudi kwenye kundi, labda kuna mahali kakosea. Yale maneno ya kap na kofi yalikuwa yamefutwa. Mahali pake Ngurumo ameandika: "Jamani, nimeusikiliza tena. Kweli wimbo unaendelea na kinanda. Nilikosea, na Taa pia ni albamu nzuri."

"Hatimaye!" walishangilia. "Pasi Moto, umemnyoosha mzee mzima! Njoo upokee ushindi wako!"

Mkunjaji alikuwa akichungulia begani kwake. "Shoga, si umeshinda? Mbona machozi?"

"Nimeshinda," alisema, akachomoa pasi kwenye umeme.

Nyumbani alimbadilisha mama shuka, akamfuta uso, akakaa kitandani karibu naye. Akaitafuta Farasi kwenye simu, wimbo wa mwisho, akauacha uimbe. Sauti ikapanda, ikapanda, na pale pale kaseti ilipokatikia akausimamisha kwa kidole, kimya. Mkono wa mama ulio mzima ukanyanyuka kidogo, ukashuka juu ya paja, mara moja. Macho yakazunguka chumbani kutafuta kofi la pili.

"Kakako," alisema mama. "Kakako amekula?"

Uongo alikuwa hauwezi, na ukweli usingeingia katika sikio lile.

"Ni mzima, mama," alisema. "Nimesikia habari zake leo. Ni mzima."

Mama akatabasamu nusu uso, akaendelea kuutazama mlango. Mpiga pasi akainuka, akaufunga, akarudi kumgeuza upande wa ukutani.