Sauti ya Chini ya Rangela

Rangela wa kijijini kwetu Gorni Dab ni bibi mzee sasa, na maisha yake yote hajawahi kuanzisha wimbo. Yeye ni wa sauti ya chini. Wimbo wetu wa mavuno huimbwa na wawili: mmoja anakwenda na maneno, mwenzake anashikilia sauti moja chini yake bila kuyumba, na mwisho wa kila ubeti wote wawili wanapiga ukelele mkali unaovuka bonde. Aliyekwenda na maneno ni Velika, jirani yake. Velika yuko Uhispania miaka mingi, analea wajukuu, na kila kiangazi anasema atarudi.

Kikundi chetu cha historia ya kijiji kilikuwa kimeshanasa karibu nyimbo zote za wazee. Ulibaki huo tu.

"Mchukue Penka wa hapa kijijini aimbe sauti ya juu," mwenyekiti wetu Kiril alimwambia.

"Penka? Huyo akiimba kuku wanaacha kutaga. Namngoja Velika."

"Bibi wee, utangoja mpaka lini?"

"Mbona wewe unangoja mke mpaka leo, nani kakuuliza?"

Tukajaribu kwa simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka: sauti ya Velika ilichelewa kufika, na wimbo huu unataka sauti mbili zigusane. Wakakatizana, wakacheka, wakaacha. Velika akaahidi kujirekodi peke yake na kututumia.

Jumapili tukakutana kwenye ukumbi wa maktaba ya kijiji. Rangela alikuja na kitambaa chake cha sikukuu kichwani na sinia ya banitsa, mkate wetu wa tabaka wenye jibini, bado wa moto. Kiril akafungulia kwenye simu rekodi aliyotuma Velika. Velika aliimba maneno yote kwa sauti ndogo, hakukosa hata moja. Rangela akaingia chini yake, nami mwili ukanisisimka, nikajua tumeupata. Ubeti ukaisha, Rangela akavuta pumzi ya ukelele.

Kwenye simu hapakuwa na ukelele. Velika alikohoa kidogo, akaanza ubeti wa pili kwa sauti ileile ndogo.

"Zima," Rangela alisema.

"Labda kasahau," nikamwambia.

"Velika asahau? Anaogopa kuwasumbua majirani wa huko." Aliisukuma ile simu kando. "Anaimba kama mpangaji, mwanangu. Mtu wa kurudi haimbi hivyo."

Hakulia. Niliyelia ni mimi, tena mbele ya Kiril. Rangela akaenda kufungua dirisha linalotazama nyumba ya Velika, ile yenye mti wa plamu uliokwishaota hadi kibarazani. Akapiga ukelele mmoja, peke yake, mbwa wa kijiji kizima wakabweka. Tukasubiri jibu sote kama wajinga.

Kisha akafunga dirisha, akakiweka sawa kitambaa chake.

"Haya, Kiril," alisema. "Kamwite huyo Penka."