Siku Mama Alipoulizwa Kuhusu Nyumba

Baba alitaka kuuza nyumba yetu ya Lizaboni akanunue shamba la mahindi Madaba. Mnunuzi alikuwa amepatikana. Nilikuwa likizo kutoka chuoni, nikamsindikiza baba mjini kwa wakili.

Wakili alikuwa dada kijana. Alimwamkia baba shikamoo, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mama yuko wapi?"

"Kwenye kishamba chetu kidogo, anapalilia."

"Basi tutamsubiri."

Nilimpigia mama simu, akafika kwa bodaboda, udongo ukiwa bado miguuni, akidhani kuna msiba. Wakili akampa kiti, akasema, "Nyumba inayokaliwa na familia haiuzwi mpaka mke na mume wote waridhie. Ndiyo sheria."

"Hata kama nimeijenga mimi?" baba akauliza.

"Hata kama, baba."

Mama alitutazama mmoja mmoja. "Sheria hiyo imetoka wapi?"

Wakili akamweleza polepole. Serikali hupeleka muswada bungeni Dodoma, kamati huwaita wananchi watoe maoni, wabunge hubishana na kurekebisha, kisha hupiga kura. Rais akishatia saini, inakuwa sheria.

"Na hao watu wa Dodoma walinijuaje mimi?"

"Hawakukujua, mama. Walimwandikia kila mke na kila mume."

Mama alinyoosha mgongo kitini. Sikuwahi kumwona amekaa wima namna ile. Alipoulizwa kama anaridhia, alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyumba siuzi. Shamba tukodi kwanza."

Baba alikuna kidevu. "Haya," akasema.

Walikodi shamba msimu ule, na nyumba wanaikalia hadi leo. Lakini ninachokumbuka zaidi ni njia ya kurudi. Baba alitangulia mbele peke yake. Mama akaniuliza hao watu wameandika nini kingine. Nikamwambia nilichokijua kutoka masomoni: ndoa na talaka, mirathi, malezi ya watoto, mipaka ya viwanja, mapatano ya muuzaji na mnunuzi, hata fidia ukiharibiwa mali yako.

Alisimama karibu na soko, watu wakitupita.

"Yote hayo yapo," akasema taratibu, "na sisi tunaishi humo humo bila kujua."

Miaka yote ya darasani sikuwahi kuliona jambo hilo kwa ukubwa ule. Mama akachagua dagaa wa Nyasa fungu moja, tukaanza kumfuata baba.