Baba Mkwe Anasubiri Kisu Changu

Admin, nifichie jina, ingawa mtaani kwetu hapa Somanda Mhindi mwenye kitambi na kofia ya kuswalia ni mmoja tu. Wenye macho watanijua.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na moja, Mwislamu, nilitoka India kuja Bariadi kutengeneza mashine za kuchambua pamba. Nilikuja kwa msimu mmoja, nikaoa Msukuma, sasa nina watoto watatu wanaonicheka kila nikisalimia "mwangaluka". Mke wangu alisilimu tulipooana. Baba yake, mkulima wa Lagangabilili na mzee wa kanisa, hakugomba. Ila tangu hapo, kukiwa na sherehe kwao, mke wangu hubeba hotpoti, anakaa pembeni na wanangu wanakula kuku wetu, huku ndugu zake wamezunguka sinia. Njiani kurudi ndipo anajifanya ana mafua.

Mwezi uliopita mzee akanipigia simu. Shemeji yangu mdogo anaoa.

"Nkwilima," aliniita, yaani mkwe, "siku hiyo utatuchinjia?"

Ndugu zangu, kwa Kiswahili changu, kumchinjia mtu ni kumkirimu, unanunua mbuzi watu wanakula. Nikajibu kwa mbwembwe, "Inshallah baba, nitawachinjia, tena si mbuzi, ng'ombe!" Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Kumbe ng'ombe anao. Anachotaka ni mkono wangu.

Sasa niseme: sijawahi kuchinja hata kuku. Kwetu nyama ililetwa ikiwa kwenye mfuko. Nikiona damu nazimia. Mke wangu alipojifungua wa kwanza, manesi walianza kunihudumia mimi. Hapa nyumbani kuku nanunua sokoni wameshachinjwa, mke wangu anadhani ni uvivu. Nimemwacha adhani hivyo, uvivu una nafuu.

Nilijaribu kuchomoka. Nikamwambia mzee nitamleta mtu wa machinjioni, Mwislamu safi, anaijua kazi.

"Huyo ni wa kulipwa," akasema. "Mimi namtaka mtoto wangu. Watu waone nkwilima ndiye ameshika kisu, nyama iive sufuria moja, na binti yangu ale kwangu. Au nyumba yangu inakutia kinyaa?"

Nikasema hapana, baba.

Mke wangu sasa hashikiki. Jana nimemsikia akimwambia dada yake kwenye simu, "Hotpoti nimeshaigawa kwa jirani. Safari hii nakula na nyie." Kisha akanigeukia, "Baba Salma, kisu umekinoa?" Nikajibu kinanolewa, nikaenda kujifungia bafuni.

Nikikataa, mzee ataamini nimeikataa nyumba yake, na mke wangu atarudi pembeni. Nikishika kisu nikakata vibaya, ng'ombe wa watu atateseka, nyama yenyewe isilike, na mimi nitaanguka kifudifudi mbele ya ukoo mzima. Kila upande ukuta.

Harusi ni Jumamosi hii. Wasukuma, Waislamu, mlioolewa na mlioachwa, nishaurini. Ninataka kumwambia mzee kwamba mwoga ni mimi, si nyumba yake inayonitia kinyaa. Lakini nianze na yeye, au nianze na huyu aliyegawa hotpoti?