Upande wa Kushoto wa Kichwa

Msusi alisafiri kwenda mji mwingine kumtembelea shoga yake wa siku nyingi. Zamani walisuka kichwa kimoja kwa pamoja, yeye kushoto, mwenzake kulia. Sasa shoga ana saluni yake. Kwa siku mbili alimkalisha kwenye kiti cha wateja na kumpa soda, na kila alipogusa kitana, msusi aliambiwa, "Pumzika, wewe ni mgeni." Alianza kuamini kwamba urafiki umekwisha, imebaki adabu tu.

Jumamosi saluni ilifurika. Shoga alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mama mmoja mwenye haraka, uvumilivu ukamwisha, akamgeukia msusi.

"We shoga, utakaa hapo kama pambo mpaka lini? Njoo ushike huku kushoto!"

Msusi akavua viatu, akanawa mikono, akaanza kusuka.

"Polepole!" mteja alilalamika. "Mgeni wako ana mkono wa chuma."

"Mgeni gani?" shoga alijibu bila kuinua macho. "Huyo mkono wake mzito tangu tukiwa wasichana, na haambiliki."

Msusi akainamia kazi, roho yake imetua kwatu.